Simu ya Chiriku

9 Machi

Kitasa, mdogo wangu,

Usishtuke kupata barua ya karatasi. Mpelelezi amechukua simu yangu akaikague, na hata angeniachia nisingeitaka, maana kila inapolia roho inaniruka. Basi wewe unayelipwa kutengeneza makufuli ya simu huko ughaibuni itabidi usome mwandiko wa dada yako, kama enzi zako za shule ya bweni.

Kaa chini kwanza. Chiriku hajarudi nyumbani.

Aliondoka Jumanne asubuhi. Aliniambia kuna mtu amempatia kazi ya mapokezi hotelini, anakwenda kuonana naye. Nikamuuliza ni mtu gani. Akasema, "Mama, maelezo yote yamo kwenye simu, nitakusimulia jioni." Unamjua mpwa wako kwa kusimulia, nikaona nimwache awahi, jioni nitamsikiliza mpaka masikio yaniume. Jioni ikaja, yeye hakuja.

Alasiri ya siku hiyohiyo mlinzi wa kituo cha mabasi aliingia dukani na koti la Chiriku. Alilikuta limesahauliwa kwenye benchi, akaona lebo ya dobi yetu kwenye kola, akadhani ni la mteja. Nilikuwa na foleni mpaka mlangoni, pasi zinafuka, wasichana wanagombana juu ya shuka za hospitali. Nikafanya ninavyofanya kwa kila nguo inayoingia, nikapekua mifuko. Simu ilikuwemo. Unaijua sheria ya duka langu tangu yule mteja atusingizie kwamba tumeitumia simu yake kupiga ng'ambo: simu ikikutwa mfukoni inazimwa papo hapo, inatiwa kwenye bahasha, inawekwa kwenye droo. Ilikuwa inawaka, na picha yake amekunja pua. Nikacheka, nikaizima, nikaiweka. Nilijua atapita kuichukua.

Sasa iko kwa polisi. Mimi naringa kidogo kwamba sikuichezea, iko kama alivyoiacha. Namba ya siri hatuijui. Nilijaribu tarehe yake ya kuzaliwa, na yangu, na yako, Mpelelezi akanizuia, akasema nikiendelea itajifuta. Jina la huyo mtu wa kazi limo humo. Aliyeifunga ni wewe na wenzako, basi ifungueni. Nakungoja kwa hamu, na ninajikaza kisabuni.

Dada yako,
Mama Chiriku

*

20 Machi

Dada mpendwa,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye korido ya ofisi, ikabidi niingie chooni nifungulie maji ili watu wasinisikie.

Umesema uliizima mwenyewe, siku ileile? Basi, usinijibu. Si jambo kubwa.

Nikuambie ilivyo. Watu wanadhani tuna ufunguo wa akiba umetundikwa mahali. Hatuna. Tulilijenga kufuli hili hivyo kwa makusudi, lisimtambue mtu mwingine ila mwenyewe. Hata mimi nikiisahau namba yangu, ya kwangu imekwisha. Naona aibu kukuandikia hivi wewe uliyeniuguza na kunilisha, lakini nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Yako mambo ya kufanya wakati huu. Mwambie Mpelelezi adai orodha ya waliompigia kutoka kampuni ya mtandao wa simu. Wabane marafiki zake mmojammoja, hasa yule aliyesoma naye kozi ya hoteli. Nendeni hoteli moja baada ya nyingine na picha. Bandikeni picha kituo cha mabasi. Nimekutumia nyingine kumi zilizochapwa vizuri.

Na usijilaumu kwa lolote, dada. Kwa lolote kabisa.

Mdogo wako,
Kitasa

*

4 Aprili

Kitasa,

Orodha tumeipata, haina kitu. Inaonekana waliandikiana kwenye ile programu ya ujumbe, huko ambako mtandao hauoni. Marafiki zake wanalia tu. Hoteli nimezimaliza, mpaka zile ambazo mtu mwenye heshima zake haingii mchana. Kwenye moja mhudumu aliniuliza nataka chumba cha saa ngapi, nikamwonyesha picha, akanipa kiti na glasi ya maji.

Sasa sikia habari njema. Serikali inakwenda mahakamani kuiamuru kampuni yenu itengeneze ufunguo. Serikali nzima, Kitasa, imesimama kwa ajili ya mtoto wa dobi! Mpelelezi ni mwanamke, ana binti wa rika la Chiriku, amelivalia njuga jambo hili. Anasema kampuni ikikubali, watu wake wanaweza kuumaliza kwa wiki chache. Nikamuuliza hao watu mkuu wao ni nani. Akanitajia jina lako lote, na la baba. Nilicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile. Nikamwambia, basi Afande, kazi imekwisha, huyo nimemfunga nepi kwa mikono hii.

Najua wakubwa wako watanuna. Wakikufukuza, rudi nyumbani. Kumwaga unga si kufa. Nitakufundisha kupiga pasi suruali za mawakili, utawaona walivyo bila fahari.

Chumba chake nimekifagia. Nguo zake zimepangwa. Sema ndiyo tu, mdogo wangu, neno moja.

Dada yako,
Mama Chiriku

*

15 Aprili

Dada yangu,

Hii ni barua ya nne, tatu nimezichana. Wakili wa kampuni amenikataza kuzungumza nawe juu ya kesi. Nikizungukazunguka utanigundua, kwa hiyo nasema moja kwa moja. Nimeulizwa kama nitautengeneza huo ufunguo, nikasema hapana. Nitaapa mbele ya jaji na kusema hapana.

Usiichane. Nakuomba ufike mwisho.

Ufunguo wa simu moja peke yake haupo. Nikitengeneza wa Chiriku nimetengeneza wa kila mtu, na hautakaa kwa huyo Mpelelezi wako mwenye binti. Utafika kwenye kila kituo cha polisi, kwa kila mkuu wa kituo, kwa kila rafiki yake. Unamkumbuka baba yake Chiriku? Ulipomkimbia, mtoto akiwa darasa la nne, uliisahau simu yako mezani kwa haraka. Akaizungusha kwa mafundi wa mjini. Akampelekea yule askari waliyekuwa wakinywa pamoja, akakaa nayo kituoni akihangaika nayo. Humo ndani ulikuwa umeandika mtaa na namba ya chumba ulichopanga. Walishindwa, wakamrudishia. Baadaye alikueleza mwenyewe, kwa mdomo wake, angekukuta angekufanya nini. Nilikuwa mgeni kazini wakati huo. Siku uliyonisimulia hilo ndipo nilipojua kwa nini naamka kwenda kazini.

Kila siku yuko mwanamke mahali fulani ambaye simu yake imeachwa mezani. Siwezi kumfungulia Chiriku kwa kuwafungulia wale wanaume wote.

Sijamzaa, lakini nilimfundisha kuendesha baiskeli nikikimbia nyuma yake barabara nzima, na jina la Chiriku nilimpa mimi. Namtaka kama unavyomtaka. Moyo wangu umepasuka vipande, dada, na bado jibu ni hapana.

Mdogo wako,
Kitasa

*

30 Aprili

Ndugu wa kampuni,

Nilikuwepo mahakamani. Nilikaa benchi la nyuma. Walikuonyesha ukutani kutoka huko uliko, uso wako mkubwa kuliko wa jaji, na kola ya shati lako imepigwa pasi vibaya. Nilikusikia ukisema "kifaa kinachohusika". Kifaa! Simu uliyomnunulia wewe mwenyewe alipofaulu mtihani, akalala nayo kifuani.

Umenikumbusha mateso ya yule mwanamume ili unifunge mdomo. Sawa, kufuli lako liliniokoa. Nakubali. Lakini ungeniuliza, ningekuambia mpe huyo mwanamume ufunguo, mwonyeshe na njia, aje anichukue leo hii, mradi mwanangu arudi. Hukuniuliza. Umenichagulia.

Usiniite dada. Anayeniuliza habari zako namwambia nilikuwa na mdogo, kampuni ikamchukua. Na Chiriku akirudi, nitamwambia nani aliinua mkono akaapa asitafutwe.

Mama Chiriku

*

8 Mei

Kwa Mpelelezi,

Afande, unanijua kwa uso ule ulioonekana ukutani mahakamani. Nakuandikia kama ndugu wa familia, si kama mtu wa kampuni. Wakili wetu akijua, sina kazi.

Ripoti ya mtaalamu wenu inasema simu ilipokelewa ikiwa imezimwa. Mimi nilijua hivyo tangu barua ya kwanza ya dada yangu, na wewe na mimi tunajua maana yake. Simu ambayo mwenyewe ameifungua asubuhi, ikaendelea kuwaka, inabaki na upenyo. Mashine yenu ingepita hapo siku ileile, bila kampuni, bila jaji, bila mimi. Ikizimwa, upenyo unazibika, inabaki namba ya siri peke yake. Dada aliizima kwa mkono wake mwenyewe, kwa sheria ya duka lake, akiamini anatunza mali ya mtu.

Hajui hilo. Anaamini ni mimi niliyemfungia mwanawe. Mwache aamini hivyo. Matusi yake nayaweza, nimekulia ndani yake, na mengi yalinifaa. Lakini akijua kwamba ni kidole chake, hatainuka tena. Amewalea wawili, mimi na Chiriku, hakuwahi kupoteza hata kifungo cha shati la mteja.

Nakusihi usimwambie, na umzuie yeyote wa ofisi yako atakayetaka kumweleza.

Wako,
Mjomba wa msichana

*

29 Mei

Bwana,

Ombi lako nimelizingatia. Sikumwambia dada yako, na kwenye mazungumzo yetu jambo hilo silitaji.

Nakuandikia kabla hujasikia kwa watu wengine. Tumempata mpwa wako. Hayupo hai. Fundi bomba aliitwa na majirani kwenye nyumba iliyokuwa ikivujisha maji barabarani, akakuta mlango wa ndani umefungwa kwa nje. Yule aliyemwahidi kazi tumemkamata. Serikali inaondoa maombi yake mahakamani, simu haina kazi tena kwetu.

La pili ni zito zaidi, nimekaa nalo siku kadhaa. Daktari anasema ilikuwa homa ya mapafu, bila dawa. Anasema pia kwamba hakufa mwezi Machi. Alikuwa hai mpaka katikati ya Aprili, pengine zaidi kidogo. Cheti kitaandika siku aliyokutwa tu. Mama yake hajaniuliza, nami sikumwambia. Hizo tarehe nadhani zitakuuma na wewe kwa namna yako, nami si mtu wa kukuficha: bado naona ulikosea mbele ya jaji, na ningekuomba tena kesho. Lakini namna ya kumweleza dada yako nimekuachia. Nguo za marehemu nitamkabidhi mama baada ya mazishi.

Pole sana.

Mpelelezi

*

11 Juni

Dada yangu, utanivumilia nikikuita hivyo,

Nilikuja mazishini. Nilisimama nyuma ya lori lililoleta viti, nikaondoka watu walipoanza kutawanyika. Nilikuona ukikunja vitambaa vya meza peke yako, kona kwa kona, hakuna aliyethubutu kukusogelea. Nilitaka kushika ile ncha nyingine kama tulivyokuwa tukikunja shuka.

Nimezungumza na daktari. Nilimbana, unanijua nikishika jambo. Amenihakikishia kwamba Chiriku alifariki usiku uleule wa Jumanne. Homa ilimpata ghafla. Hakukaa mule ndani, hakuteseka, pengine hata hakujua kwamba amefungiwa. Kwa hiyo hata ile simu ingefunguliwa kesho yake, hata ingekutwa inawaka au imezimwa, hata mimi ningesema ndiyo, tusingemkuta. Hakuna jambo ambalo mtu yeyote wa nyumbani alilifanya, au hakulifanya, ambalo lingemrudisha. Nataka uliamini hilo kabla ya jambo lingine lolote.

Nimeacha kazi. Mawazo yangu ni yaleyale, ila nikikaa mbele ya kompyuta nasahau nilichotaka kuandika.

Ukitaka kuendelea kunichukia, endelea. Nichukie mimi tu, usimtafute mtu mwingine.

Mdogo wako,
Kitasa

*

23 Juni

Kitasa,

Barua yako nimeisoma dukani, nikawaambia wasichana wafunge mapema. Nimeisoma tena nyumbani. Ahsante kwa kumbana daktari. Tangu Machi nilikuwa najiuliza alilala wapi, alikula nini, aliniita mara ngapi. Sasa najua hakupata muda wa kuniita. Jana nimelala usingizi mpaka jua likanikuta kitandani.

Yale niliyokuandikia Aprili yachome. Wewe ni mdogo wangu, na lori hilo lililoleta viti nimelitukana kwa kukuficha. Rudi nyumbani. Huna kazi, mimi nina pasi tatu na mikono miwili. Njoo na hayo mashati yako mabaya.

Dada yako,
Mama Chiriku

*

23 Juni

Kwa Mpelelezi,

Afande, mfuko wa nguo nimeupata na nimetia sahihi. Ahsante kwa kuja mwenyewe badala ya kutuma askari.

Mdogo wangu ameniandikia kwamba mwanangu alifariki usiku aliopotea. Nimemjibu na kumshukuru. Wewe sikuulizi, usije ukalazimika kunidanganya.

Gauni aliloondoka nalo lilikuwa jipya. Nililipiga pasi mwenyewe asubuhi ile, yeye amesimama na sidiria ananiharakisha. Hili ulilonirudishia limefuliwa mara nyingi, kwa sabuni ya kipande na maji haba, maana povu limekauka kwenye mishono. Limeanikwa ndani, halikuona jua. Kiuno kimevutika upande mmoja. Hivyo ndivyo anavyokamua yeye, anapindisha kwa mkono wa kushoto, nimemgombeza kwa hilo tangu ana miaka saba. Nguo haifiki hapo kwa siku moja, Afande. Ni wiki na wiki. Mwanangu alikuwa hai mule ndani, anafua gauni lake, anajiweka safi ili tukija tumkute nadhifu.

Na la simu nalijua. Siku ile mahakamani, wewe ukiwa umetoka nje, alikaa karibu nami yule kijana wenu wa mashine. Nikamuuliza kwa nini imewashinda, nikitaka anisifu kwa kuitunza. Akanijibu kwa adabu kabisa, hakujua anazungumza na nani. Alisema, "Tatizo, mama, kuna mtu aliizima." Akanieleza yote, mpaka na muda ambao ungewachukua kuifungua. Nilitoka pale nikaenda kumwandikia mdogo wangu ile barua chafu, kwa sababu ilibidi pawe na mtu wa kuchukiwa, na mimi mwenyewe sikujiweza.

Sasa nimeelewa kwamba yeye alijua tangu mwanzo, akanyamaza, akaacha nimtukane.

Nina ombi moja. Usimwambie kwamba najua. Huo uongo ameutunga kwa tabu, na yule hajawahi kujua kudanganya tangu utoto wake. Akijua kwamba haukufaa kitu, tutakuwa wawili tunaokesha. Acha aamini kwamba mmoja wetu analala.

Mama Chiriku